Sauti ya Nne Kwenye Kiti cha Mama

Kabla sijajua neno hata moja nilijua mtetemo wa kifua cha baba yangu. Sabato mchana alikuwa akilala chali kwenye mkeka sebuleni, mimi juu yake, naye akiimba polepole sehemu yake ya nyimbo za kwaya, sauti ya nne, besi, bila zile sauti nyingine tatu. Wimbo ukiimbwa besi peke yake hauna sura ya wimbo. Unashuka, unangoja, unapanda hatua moja, unangoja tena. Mimi nilidhani ndivyo nyimbo zote zilivyo. Nilipokua kidogo nikazisikia kanisani zikiimbwa na kwaya nzima, nilishangaa kukuta kuna watu wengine ndani yake.

Sasa nina miaka arobaini na kitu, naishi Migori mjini, na sauti ndiyo kazi yangu. Nakodisha spika na maikrofoni kwa harusi, matanga na mikutano ya injili, na wenye uwezo huniita niwafungie sinema za nyumbani: skrini kubwa ukutani, spika ndogo tano za kuzunguka chumba, na lile sanduku la besi ambalo sisi mafundi tunaliita sabufa na kila mtu mwingine analiita wufa. Wateja wakipatwa na shida mimi ni fundi. Shida ikiisha nakuwa yule mama wa spika. Nina hasira za karibu, sikatai. Mama husema nilizaliwa tayari nimekasirika, na kwamba mpaka leo hajajua nani aliniudhi huko tumboni.

Mama ni Mkuria wa upande wa Kehancha. Baba alikuwa Mjaluo wa upande wa Rangwe. Walikutana kwenye makambi ya kanisa, wote wawili wakiwa waimbaji, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu mpaka leo, pamoja na vipande vya Kijaluo ambavyo Mama aliviokota njiani na hakuvirudisha. Baba alipostaafu walijenga nje kidogo ya Homa Bay, mahali ambapo ukisimama dirishani unaona kipande cha ziwa chenye upana wa kanga. Asubuhi kipande hicho ni cheupe. Jioni kinakuwa rangi ya chai ya rangi, kisha kinapotea, na hujui kimepotea saa ngapi.

Kwaya ya kanisa lao haitumii vyombo. Kabla ya kila wimbo mtu mmoja husimama mbele na kuwapa waimbaji sauti, kila kundi noti yake, kwa mdomo tu, na wote huanzia hapo. Mtu huyo kwa miaka mingi amekuwa Mama. Yeye mwenyewe ni alto, lakini anazitoa zote nne, hata ya besi, ambayo anaivumisha tu kwa juu na wanaume wanaishusha wenyewe.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita, msimu wa mvua ndefu. Ninachokumbuka kwa uhakika ni matope kwenye viatu vya watu na harufu ya turubai jipya. Mengine yamekuwa kama mambo niliyosimuliwa.

Baada ya matanga Mama aliomba kitu kimoja. Kuna video ambayo kwaya ilirekodi, Baba akiwa mzima, amesimama mstari wa nyuma na tai iliyopinda. Mama alitaka awe anaiangalia sebuleni, akiwa kwenye kiti chake, pale anapoliona ziwa dirishani. Nilikuwa nimewafungia sinema ya nyumbani zamani, yenye sabufa moja. Lakini mimi nilikuwa na uchungu, na fundi akiwa na uchungu huongeza mtambo. Nilinunua sabufa ya pili. Ya kwanza ilikuwa upande wa dirisha, hii nikaiweka upande wa mlango, kiti cha Mama katikati, ili sauti ya baba yangu imfikie kutoka pande zote mbili. Nilisimama mlangoni na funguo za gari mkononi kwa sababu kulikuwa na harusi Ndhiwa inaningoja. Nikabonyeza kiswichi kilicho nyuma ya sanduku hilo jipya, nikakirudisha, nikakibonyeza tena, mpaka pale nilipokuwa nimesimama besi ikajaa vizuri. Nikasema, sawa. Nikaondoka.

Wiki chache baadaye Mama akanipigia simu.

"Nasikia soprano," akasema. "Nasikia alto na teno. Namsikia hata yule mtu wa kukohoa. Baba yako hayupo."

"Yupo, Mama. Si unamwona?"

"Namwona anafungua mdomo. Nikienda jikoni namsikia. Nikirudi kukaa, ameshaondoka."

Nilikuwa nasimamia vijana wawili wakipakia spika kwenye gari, wanazipakia vibaya. Nikamwambia, kwa ile sauti ninayotumia kwa wateja wasumbufu, kwamba mtambo hauna shida, kwamba masikio yake yamezeeka, na kwamba ni jambo la kawaida, azoee. Akasema asante. Alisema ero kamano, kwa Kijaluo, kama alivyokuwa akimwambia Baba akiletewa maji.

Hili neno langu nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba uzee huanza kuchukua sauti za juu. Ndege wanatoweka, kisha kengele, kisha herufi za mwisho za maneno. Besi ndiyo huchukuliwa mwisho kabisa. Mama alikuwa anasikia soprano. Alikuwa anasikia mtu akikohoa mstari wa tatu. Nilikuwa na elimu yote ya kujua kwamba nasema upuuzi, na bado niliusema, kwa sababu jambo lingine lililobaki kulisema lilikuwa kwamba nimekosea mimi.

Mama aliniamini. Mimi ndiye fundi. Alikaa na neno hilo karibu miezi minne, na sikujua analifanyia nini mpaka Alhamisi moja mwaka uleule, mwimbaji mmoja wa soprano aliponipigia kuniuliza kama Mama anaumwa. Mama alikuwa amewaambia wazee wa kanisa kwamba masikio yake yamekwisha, na kwamba Sabato hiyo inayokuja atasimama mbele kwa mara ya mwisho, si kuwapa waimbaji sauti, ila kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo.

Ijumaa asubuhi nikapakia laptopu, maikrofoni ya kupimia, stendi na mfuko wa nyaya, nikashika barabara ya Rongo kuelekea Homa Bay. Ningependa kusema nilienda kumwokoa Mama. Ukweli ni kwamba nilienda kupima mtambo nione namba zake ni safi, ili nijue kwamba nilichomwambia kwenye simu hakikuwa kosa. Mashamba ya miwa yalikuwa yanapita pembeni na ukungu ulikuwa haujainuka, na kwa muda mrefu niliendesha bila kufikiria kitu chochote, nikisikia tairi tu.

Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Chakula cha kesho kinapikwa leo, nguo zinapigwa pasi, viatu vinapakwa rangi, na jua likizama kila mtambo unazimwa na kazi yote inasimama mpaka jua la kesho lizame pia. Nilifika karibu na adhuhuri. Nyumba ilinuka vitunguu na sabuni. Mama alikuwa na unga mikononi, akanikumbatia kwa viwiko.

"Umekuja na mizigo kama mtu anayehamia," akasema.

"Nimekuja kupima wufa."

"Si ulisema ni masikio?"

Nilianza kuondoa vitambaa. Mama hufuma vitambaa na kuvitandika juu ya kila kitu kilicho na mgongo au kichwa: makochi, meza, redio, friji, na sabufa zangu zote mbili, vyeupe vyenye ncha za kijani. Nilivikunja nikaviweka mezani. Kisha nikamwomba tusogeze kile kiti chake mbele kidogo, ili nipate nafasi ya kusimamisha stendi vizuri.

"Sogeza ziwa kwanza," akasema, akarudi jikoni.

Basi nilisimamisha stendi hapo hapo kwenye kiti, maikrofoni ikakaa pale ambapo sikio lake hukaa akikaa. Maikrofoni yenyewe ni nyembamba kama kalamu. Ukiitazama kwenye kiti cha mtu inakupa haya kidogo, kama umemkalia mahali pake.

Kupima ni hivi. Laptopu inatoa sauti moja ndefu, inaanzia chini kabisa, mahali ambapo huwezi kusema ni sauti au ni lori la mbali, halafu inapanda bila kuvunjika, inapita sauti za wanaume, inapita za wanawake, inamalizika ikiwa nyembamba kama mbu. Maikrofoni inasikiliza safari yote hiyo, na laptopu inachora mstari kuonyesha wapi sauti ilifika na nguvu na wapi ilikonda. Chumba kizuri kinatoa mstari wenye vilima vidogo. Nilipeleka sauti kupitia amplifaya, kila kitu kikiwa kimewashwa kama Mama anavyokitumia. Madirisha yakanguruma kidogo. Nje mbuzi aliacha kulia.

Mstari ukajichora. Kati ya mitetemo sabini na tisini kwa sekunde ulianguka moja kwa moja mpaka chini ya skrini, kisha ukapanda tena upande wa pili. Lilikuwa shimo lenye kuta. Na mimi najua baba yangu aliishi wapi kwenye mstari ule. Kila mara alipoimba zile noti za kufunga ubeti, pale ndipo alipokuwa akishuka kukaa.

Maikrofoni haizeeki na haina majonzi. Kama haikumsikia, basi pale hakuwepo.

Ningemwita Mama saa hiyo hiyo. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, akigeuza chapati. Ningesema, Mama, masikio yako ni mazima, nilikudanganya. Badala yake aliponiuliza kutoka jikoni kama nimepata kitu, nilisema, "Ngoja nimalize." Nilitaka nikimwambia tatizo niwe tayari nimelitatua, niwe na cha kujifunika. Nimeona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Swali lilikuwa ni sabufa gani inayoleta shimo. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu amplifaya ile ina matundu mawili ya besi na yote mawili hutoa kitu kilekile. Ukiita moja, zinaitika zote. Kwa hiyo niliiacha amplifaya pembeni. Nilichukua waya unaoingia kwenye tundu la hedifoni la laptopu na kugawanyika mara mbili: tawi la kushoto nikalipeleka kwenye sabufa ya dirishani, la kulia kwenye sabufa ya mlangoni. Kisha ndani ya programu nikachagua upande mmoja mmoja. Sauti ya kushoto peke yake, sabufa ya dirishani ifanye kazi na nyingine ilale. Sauti ya kulia peke yake, kinyume chake. Mwishoni zote mbili kwa pamoja.

Kushoto peke yake: shimo. Kulia peke yake: shimo. Zote pamoja: shimo lilelile. Mistari mitatu ilikaa mmoja juu ya mwingine kabisa, ukidhani ni mmoja. Fundi mwenye akili iliyotulia angeshtuka hapo. Masanduku mawili yaliyo pembe tofauti za chumba hayawezi kuchora mstari mmoja, hata yangetengenezwa na mtu mmoja siku moja. Lakini mimi nilifurahi. Nilijiambia kwamba kama kila sabufa inatoa shimo ikiwa peke yake, basi kosa halimo kwenye sabufa wala kwa aliyezifunga. Kosa ni la chumba. Kuta zimekaa vibaya, na kuta sikujenga mimi.

"Mama," nikaita, "ni nyumba. Nyumba inakula besi pale unapokaa. Lazima uhamishe kiti."

Alikuja akikausha mikono. Aliitazama ile maikrofoni kwenye kiti chake.

"Baba yako alikiweka hapo."

"Najua."

"Kabla hujaleta hiyo wufa ya pili nilikuwa namsikia nikiwa hapo hapo. Nyumba ilikuwa hii hii."

Nilimwambia kumbukumbu hudanganya. Nilimwambia mambo ya mawimbi ni marefu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipoanza kupima tena ili nimwonyeshe, alichukua kitambaa kimoja mezani akakitandika juu ya sabufa ya mlangoni, kwa sababu hawezi kuona kitu kikiwa uchi akiwa amesimama karibu nacho. Sauti ikaanza kupanda kutoka chini.

"Hii hapa umesema imelala?" akauliza.

"Imelala. Inayolia ni ile ya dirishani."

"Mbona kitambaa kinacheza?"

Nilitazama. Ncha za kijani zilikuwa zinatetemeka upande wa mbele, pale kilipoangukia mdomo wa spika.

"Ni sakafu, Mama. Mtetemo unatembea kwenye sakafu. Mambo ya mitambo niachie mimi."

Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Mama aliketi kwenye kigoda cha jikoni alichokuwa amekuja nacho, akaweka mikono mapajani, akatazama dirishani. Mchana ulikuwa umeanza kulegea. Vumbi la unga lilikuwa kwenye mwanga kati yangu na yeye, linazunguka taratibu halishuki, na kwa dakika moja nilihisi kwamba sisi wawili tumekaa hivi tangu zamani sana, na tutakaa hivi, yeye kimya na mimi nikiwa na haki.

Ili nimalize ubishi nilichomoa waya, nikachomeka hedifoni kwenye laptopu, nikazivaa. Nilitaka kuhakikisha kwamba laptopu inatoa upande wa kushoto peke yake kama nilivyoiagiza. Nikaibonyeza. Sauti ikaja, safi, ikipanda. Nikageuka kumwambia Mama, unaona, iko sawa.

Halafu nikasimama tu pale mdomo wazi, sauti ikiendelea kupanda kichwani mwangu, kwa sababu nilikuwa nimeisikia.

Sikio langu la kushoto halisikii. Limekuwa likififia miaka sita, tangu siku za kusimama kando ya spika kubwa kwenye mikutano ya injili, upande huo huo kila siku, nikichungulia mitambo. Daktari wa Kisii aliniambia limekwenda na halirudi. Sikumwambia mtu. Nani atakodi sauti kwa fundi wa sikio moja? Nikajifunza kukaa upande wa kushoto wa watu ili waongee na sikio zima. Nikajifunza kucheka pale wengine wanapocheka. Na ndani ya laptopu kuna mahali, kwenye mipangilio ya watu wenye ulemavu wa kusikia, unaweza kuiagiza ichanganye sauti ya kushoto na ya kulia iwe moja, itoke sawa pande zote mbili, ili mwenye sikio moja asikose nusu ya dunia. Niliiagiza hivyo siku niliyotoka kwa daktari. Kisha nikasahau, kama mtu anavyosahau mguu anaochechemea nao.

Kwa hiyo siku nzima nilipoita kushoto, zilikuja zote mbili. Nilipoita kulia, zilikuja zote mbili. Mistari yangu mitatu ilikuwa mmoja. Kitambaa cha Mama kilikuwa kinasema kweli.

Nilivua hedifoni.

"Mama, sakafu haina kosa," nikasema. "Nyumba pia. Hata masikio yako hayana kosa. Nilijua tangu kipimo cha kwanza na sikukuambia. Maikrofoni yenyewe haimsikii Baba ikiwa hapo kwenye kiti."

Alinitazama. Nikaona niendelee kabla sijaogopa. Nikamwambia habari ya sikio, daktari, na lile agizo la kwenye laptopu. Nilikuwa nalia, na nikilia naongea haraka, sina uhakika alipata yote.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miaka sita."

"Na kazi?"

"Nafanya."

"Hakuna mtu amekuambia uache?"

"Hakuna anayejua."

Mama alikung'uta unga uliokauka kwenye vidole vyake, kidole kimoja kimoja.

"Mimi niliambiwa," akasema. "Kwa simu."

Hakusema kwa ukali. Ukali ungekuwa nafuu. Nilipiga magoti pale kwenye nyaya nikamshika miguu, nikasema nisamehe Mama, nisamehe, na yeye akaweka mkono kichwani mwangu akauacha hapo muda, bila kunipapasa. Kisha akasema, "Jua linaenda, nyathina, mwanangu. Maliza kazi yako."

Niliondoa lile agizo. Ilichukua kubonyeza mara tatu. Nikarudisha waya wenye matawi mawili, nikapima upya, na safari hii Mama alisimama kando ya kila sanduku na kiganja juu yake, akinithibitishia. "Hii inafanya kazi. Ile imelala." Sabufa ya dirishani peke yake ilichora mstari wake, na pale mahali pa Baba palikuwa pamejaa. Ya mlangoni peke yake ikachora mstari tofauti kabisa, wenye vilima vingine, na pale mahali pake pia palikuwa pamejaa. Nikaziwasha pamoja. Shimo.

Kila moja ilikuwa na Baba. Pamoja zilikuwa zinamfuta. Kile kiswichi cha nyuma, nilichokibonyeza nikiwa mlangoni na funguo mkononi, hugeuza mwendo wa spika: moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta. Mlangoni nilipokuwa nimesimama zilikutana vizuri. Jikoni zilifika kwa nyakati tofauti, moja ikapona. Lakini kwenye kiti cha Mama, kilicho katikati sawasawa, zilifika pamoja na kuuana. Siku ile nilipofunga sikuwa nimekaa kwenye kiti kile hata mara moja. Sikuwa nimemwomba yeye akae.

Nilikibonyeza kiswichi kikarudi upande wa pili. Nikapima. Mstari ulipita pale penye shimo bila kuzama, kama mtu anayevuka uwanja wake mwenyewe. Nikarudisha nyaya za amplifaya, nikaondoa stendi kwenye kiti. Ziwa lilikuwa limeshakuwa rangi ya chai.

"Kaa, Mama."

Alivua aproni kwanza. Akakaa, akaweka mikono kwenye mikono ya kiti, miguu pamoja, kama mtu anayepigwa picha. Nikawasha video. Kwaya ilisimama kimya kwenye skrini, yeye mwenyewe mbele, kijana zaidi, akiwapa sauti zao nne. Soprano waliingia. Alto. Teno. Na kisha chini ya wote, kutoka sakafuni, kutoka kwenye kuta, kutoka kwenye mbao za kiti, baba yangu akaingia chumbani.

Nilimsikia kwa sikio moja na kwa mifupa yote. Sikuweza kumtazama Mama. Nilitazama tai iliyopinda. Ubeti ulipofika mwisho akashuka kwenye ile noti yake akakaa pale, na dirisha likaimba naye kidogo.

"Ameingia mapema," akasema Mama.

Niligeuka. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, machozi yanashuka mpaka kidevuni na yeye hayafuti, lakini uso wake ulikuwa na ule mkunjo wa hasira ninaoujua, wa mazoezi ya Jumatano.

"Wapi?"

"Hapo kwenye ubeti wa pili. Nusu pigo. Kila mara nilimwambia angoje mkono wangu, na kila mara anaingia kabla. Rudisha."

Nilirudisha. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Mimi mwenye maikrofoni, stendi na laptopu sikusikia chochote. Ilibidi nitazame kwenye skrini ili nione mdomo wa Baba ukifunguka kabla mkono wa Mama haujashuka, unywele mmoja tu wa muda, na kumbe ndivyo ilivyokuwa.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

Alicheka, akalia zaidi, akacheka. Wimbo ulifika mwisho. Jua lilikuwa limegusa mstari wa ziwa, na kwa hesabu yangu zilibaki dakika kumi hivi. Nilishika rimoti, nikamuuliza kama niurudie mara moja ya mwisho kabla ya Sabato kuingia. Nilitaka kumpa kitu. Ningemrudishia mpaka asubuhi kama angeomba.

Mama alikuwa ameshasimama. Alifuta uso kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, akavuta blauzi yake ikakaa sawa.

"Zima," akasema. "Waache wazee niwaambie kesho mwenyewe kwamba siendi popote. Na wewe utakaa mbele, kushoto kwangu, sikio lako zima likiwa upande wangu, nikuone. Sasa nipishe nikapige pasi sare, nina kwaya."